Jiji limekuhamishia umeme jadidifu: ubaki, ushuke daraja au ujitoe?

Barua yenyewe inafika na nembo usiyoijua, na wengi huitupa pamoja na matangazo ya mazulia. Inasema kwamba kuanzia siku ya kusomwa mita mwezi fulani, umeme wako utanunuliwa na shirika la umeme la jamii, na kwamba baraza la jiji lako limechagua daraja la asilimia 100 jadidifu. Hukuomba wala hukusaini popote, lakini ukikaa kimya unahamishwa. Huko California hilo ni halali kabisa. Sheria ya AB 117 ya mwaka 2002 iliruhusu miji na kaunti kuwanunulia wakazi wao umeme, na anayenyamaza anahesabiwa amekubali. Marin ilitangulia mwaka 2010. Leo miji zaidi ya 200 imo, na baadhi yake, kama Culver City, Santa Monica, West Hollywood na Ventura, ilipojiunga na shirika la jamii la Clean Power Alliance iliweka daraja la juu kabisa kuwa chaguo-msingi.

Mwenye akaunti ana njia nne: kubaki kwenye asilimia 100, kushuka daraja la kati, kushuka la chini, au kujitoa na kurudi kwenye kampuni ya umeme ya zamani. Uamuzi wote unasimama juu ya mistari michache ya bili na hesabu ya siku 60. Mengi mengine yanayosemwa hayahusiki, kwa hiyo tuyaondoe kwanza.

## Yasiyobadilika

Nguzo, nyaya, transfoma na mita vinabaki mali ya kampuni ile ile: Southern California Edison (SCE) kusini, PG&E kaskazini na katikati, SDG&E upande wa San Diego. Umeme ukikatika unawapigia wao, na fundi anayepanda nguzo ni yule yule. Laini zikizimwa kwa hofu ya moto wa nyika, zinazimwa kwa wote, awe mteja wa asilimia 100 au wa asilimia sifuri. Bili inakuja moja, kwa akaunti ile ile, na malipo ya kukatwa benki yanaendelea bila kuyagusa.

Nafuu nazo zinaendelea. CARE, punguzo la asilimia 30 hadi 35 kwa kaya zenye kipato kidogo. FERA, asilimia 18 kwa wale wanaozidi kidogo kiwango cha CARE. Na nafuu ya mgonjwa mwenye mashine nyumbani, zote hazihitaji kuombwa upya. Kuna watu waliojitoa mbio mbio kwa hofu ya kupoteza CARE. Hofu hiyo haikuwa na msingi.

Pia hakikisha barua inakuhusu. Mkazi wa jiji la Los Angeles lenyewe hapati chaguo hili, maana umeme wake unatoka LADWP, shirika la jiji. Ndivyo ilivyo Pasadena, Burbank na Sacramento, zenye mashirika yao. Culver City na Santa Monica zimepakana na Los Angeles lakini ni eneo la SCE, na ndiyo maana mtu wa upande huu wa barabara anapata barua na jirani wa ng'ambo hapati.

Kinachobadilika ni sehemu ya uzalishaji tu, yaani nani ananunua umeme wenyewe, kutoka wapi, na kwa bei gani kwa uniti. Hapa uniti ni kilowati-saa moja.

## Njia nne kwa jicho moja

| | Kubaki asilimia 100 | Kushuka daraja | Kujitoa |
|---|---|---|---|
| Nani ananunua umeme | Shirika la jamii | Shirika la jamii | SCE, PG&E au SDG&E |
| Sehemu iliyo jadidifu | Yote, kwa hesabu ya mwaka | Hutegemea shirika. Daraja la kati la Clean Power Alliance ni kama nusu | Hutegemea kampuni, ila si chini ya sheria ya jimbo |
| Nyongeza kwa uniti | Ipo, kwa kawaida senti moja au chini kidogo juu ya daraja la kati | Ndogo au hakuna. Daraja la chini mara nyingi huwekwa chini ya bei ya kampuni | Hakuna |
| Tozo ya kuhama (PCIA) kama mstari wa pembeni | Unalipa | Unalipa, kiasi kile kile | Imo ndani ya gharama za kampuni |
| Kubadili tena baadaye | Rahisi | Rahisi | Ukipitisha siku 60, umefungwa mwaka |
| Anayeamua bei | Bodi ya madiwani, kwenye kikao cha wazi | Hao hao | Tume ya Huduma za Umma ya jimbo (CPUC) |

Mstari wa kubadili tena baadaye ndio unaopuuzwa kuliko yote, na ndio wenye uzito kuliko yote. Kupanda na kushuka madaraja ndani ya shirika ni jambo la simu moja, kwa kawaida bila ada, na linaweza kugeuzwa bili inayofuata. Kujitoa kukichelewa hakugeuziki hivyo. Kwa hiyo mtu anayelalamikia bei ajaribu kwanza kushuka daraja. Wanaoruka moja kwa moja hadi kujitoa mara nyingi hawakujua kwamba daraja la chini lipo, kwa sababu barua hulitaja kwa herufi ndogo, chini.

## Bei: usilinganishe namba moja na namba moja

Kosa la kawaida ni kuchukua bei ya uzalishaji ya shirika, kuiweka kando ya bei ya uzalishaji ya kampuni, na kushangilia ile iliyo ndogo. Kwenye bili ya mteja aliyehamishwa, upande wa kampuni kuna mistari miwili inayopaswa kuingia kwenye hesabu: PCIA na tozo ya franchise, yaani malipo ya kupitisha nyaya kwenye barabara za umma.

PCIA ni tozo ya kuhama. Kampuni ilisaini mikataba ya umeme ya miaka mingi ikihesabu kwamba wewe utakuwepo. Ulipohamishwa, mikataba haikufutika. Ikiwa umeme huo ulinunuliwa ghali kuliko bei ya soko ya leo, tofauti inagawanywa kwa wote, waliobaki na waliohama, ili anayebaki asibebe mzigo wa anayeondoka. Inakokotolewa upya kila mwaka, na inakwenda kinyume na soko: bei ya soko ikishuka, PCIA inapanda, soko likipanda, PCIA inashuka, na imewahi kushuka chini ya sifuri kwa baadhi ya wateja. Kiasi chako kinategemea mwaka uliohama. Aliyehama kati ya Januari na Juni anawekwa kwenye kundi la mwaka uliotangulia. Aliyehama Julai hadi Desemba anawekwa kundi la mwaka huo huo. Ndiyo maana majirani wawili wa miji tofauti, wote chini ya SCE, wanaweza kulipa PCIA tofauti.

Tuchukue mfano wa namba za kufundishia. Kampuni inauza uniti kwa senti 14 za uzalishaji. Shirika linauza daraja la asilimia 100 kwa senti 12.5. Inaonekana umeokoa senti moja na nusu. Ongeza PCIA na franchise, jumla senti 2, na sasa ni 14.5 dhidi ya 14. Umezidishiwa nusu senti. Kwa nyumba inayotumia uniti 500 kwa mwezi, hiyo ni dola 2.50 kwa mwezi, dola 30 kwa mwaka. Kwa nyumba yenye gari la umeme na kiyoyozi cha nyumba nzima, tuseme uniti 1,100, ni dola 5.50 kwa mwezi.

Namba halisi huna haja ya kuzitafuta kwa tochi. CPUC inayalazimisha mashirika na kampuni kuchapisha ulinganisho wa pamoja wa bei, wenye mstari wa PCIA umeshaingizwa. Utaupata kwenye tovuti ya pande zote mbili. Angalia mambo mawili kabla ya kuuamini: tarehe yake, kwa kuwa bei hubadilika mara kadhaa kwa mwaka na pande mbili hazibadilishi siku moja, na jina la mpango wako wa bei, lile lililoandikwa kwenye bili. Ulinganisho wa mpango mmoja haukuhusu ikiwa uko mwingine. Mashirika ya jamii huiga muundo wa saa wa kampuni, kwa hiyo kama unalipa ghali kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku sasa, utaendelea hivyo hivyo. Kuhamisha mashine ya kufulia na kuchaji gari hadi baada ya saa 3 usiku huokoa zaidi kuliko tofauti ya daraja, na hakuna barua inayokuambia hivyo.

Nyongeza ya asilimia 100 ndiyo rahisi kuhesabu kuliko vyote, maana ni kiasi kilekile kwa kila uniti. Deep Green ya MCE, shirika la Marin, kwa miaka mingi ilijulikana kwa senti moja juu ya daraja la kawaida. Senti moja kwa uniti 500 ni dola 5 kwa mwezi. Mwenye nyumba ndogo anayepika kwa gesi na kutumia uniti 250 analipa dola mbili na nusu.

Kwa mwenye CARE, swali la kwanza liwe hili: jiji langu limeamua nini kuhusu nyongeza kwa watu wenye nafuu? Miji haikufanya sawa. Ipo iliyowaacha kwenye daraja la kawaida ilipowapandisha wengine wote, na ipo iliyowapandisha bila kuwatoza nyongeza. Jibu utalipata kwa kupiga simu kwa shirika ukiwa na namba ya akaunti mkononi, usitegemee jirani.

## Asilimia 100 ya nini, hasa

Elektroni hazina kabila. Umeme wa shamba la upepo na wa mtambo wa gesi unachanganyika kwenye gridi ile ile, na nyumba ya asilimia 100 saa 2 usiku wa Agosti inaangaziwa na mchanganyiko ule ule wa jirani. Asilimia 100 ni hesabu ya ununuzi: kwa mwaka mzima, shirika limenunua uniti jadidifu sawa na zile ulizotumia. Kila megawati-saa (uniti 1,000) inayozalishwa na mtambo uliosajiliwa inapewa cheti kimoja, na cheti kikishatumika kwa mteja mmoja kinafutwa kisitumike tena.

Kwa kuwa hesabu ni ya mwaka, uniti za jua za saa 6 mchana wa Aprili zinafidia uniti ulizotumia usiku wa Desemba. Peninsula Clean Energy, shirika la Kaunti ya San Mateo, limejiwekea lengo la kulinganisha saa kwa saa, jambo gumu na ghali zaidi. Mengine mengi bado yako kwenye hesabu ya mwaka. Hilo si ulaghai, ila ni vizuri ujue unacholipia.

Kila muuzaji analazimika kutoa jedwali la vyanzo vya umeme linalosimamiwa na Tume ya Nishati ya California. Linatoka kila mwaka likionyesha mwaka uliopita, kwa hiyo daima linachelewa. Lisome hivi, kutoka juu kwenda chini:

Sehemu ya kwanza ni umeme jadidifu unaotambuliwa na sheria: jua, upepo, jotoardhi, mabaki ya mimea na taka, na umeme wa maji wa mitambo midogo. Mabwawa makubwa, kwa kawaida yanayozidi megawati 30, yako mstari wa peke yake na hayahesabiwi kuwa jadidifu, japo hayatoi moshi. Nyuklia nayo iko peke yake. Kisha kuna umeme usiojulikana chanzo, yaani ulionunuliwa sokoni bila kutaja mtambo. Jimbo linauhesabu kuwa unatoa tani 0.428 za kaboni dayoksaidi kwa megawati-saa, karibu na mtambo wa gesi. Chini kabisa kuna mstari mdogo unaoonyesha asilimia ya mauzo iliyofidiwa kwa vyeti vilivyonunuliwa peke yake, bila umeme wenyewe. Mstari huo ukiwa sifuri au karibu yake, daraja lako linanunua umeme pamoja na vyeti vyake. Ukiwa mkubwa, unalipia karatasi zaidi kuliko umeme.

Hapo ndipo ulinganisho unapogeuka kulingana na unakoishi. Eneo la PG&E lina mtambo wa nyuklia wa Diablo Canyon na mabwawa mengi, na wateja wengi wameshahamia mashirika ya jamii. Nyuklia ile ile sasa inagawanywa kwa wateja wachache. Matokeo yake, umeme wa kawaida wa PG&E katika miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya asilimia 90 bila kaboni, ingawa sehemu iliyo jadidifu kisheria ni ndogo zaidi ya hapo. Anayejitoa huko Berkeley harudi kwenye moshi. Anarudi kwenye nyuklia na maji. Kusini hali si hiyo. Mtambo wa nyuklia wa San Onofre ulifungwa rasmi mwaka 2013, na gesi pamoja na umeme usiojulikana chanzo vina nafasi kubwa zaidi kwenye jedwali la SCE.

Fanya hesabu yako ya kaboni kwa namna hii. Nyumba ya uniti 500 kwa mwezi hutumia megawati-saa 6 kwa mwaka. Tuseme daraja la kati ni nusu jadidifu, na nusu nyingine yote haijulikani chanzo. Kupanda hadi asilimia 100 kunaondoa kwenye vitabu megawati-saa 3 za umeme huo, yaani kama tani 1.28. Nyongeza ya senti moja ni dola 60 kwa mwaka. Umelipa takriban dola 47 kwa tani. Lakini ikiwa ile nusu nyingine ni mabwawa makubwa, nyongeza yako imeondoa karibu hakuna kitu, na dola 60 zimenunua jina. Jedwali ndilo litakalokuambia uko upande gani.

Kuna hoja nyingine, na kwetu hii ina nguvu zaidi: mitambo mipya. Tangu 2021, sheria ya SB 350 inataka asilimia 65 ya umeme jadidifu unaotakiwa kisheria itoke kwenye mikataba ya miaka 10 au zaidi. Mkataba mrefu ndio unaomwezesha mjenzi kupata mkopo wa kujenga shamba la jua na betri zake. Shirika lenye wateja wengi wa asilimia 100 lina sababu ya kusaini mingi zaidi. Ukiangalia orodha ya mikataba ya shirika lako, tafuta mitambo iliyojengwa baada ya mkataba kusainiwa, na tafuta betri. Shirika linalotaja mabwawa ya zamani pekee halijaongeza kitu kwenye gridi.

Kumbuka pia kwamba pengo linazidi kuziba. SB 100 ya mwaka 2018 inamtaka kila muuzaji, kampuni kwa shirika, afike asilimia 60 jadidifu mwaka 2030, na jimbo lote lifike umeme usio na kaboni mwaka 2045. Unacholipia leo kama nyongeza kinakuwa cha lazima kidogo kidogo.

## Siku 60, na kinachotokea baadaye

Sheria inataka utumiwe angalau taarifa nne: mbili ndani ya siku 60 kabla ya kuhamishwa, mbili baada. Ukijitoa kabla, au ndani ya siku 60 baada ya kuhamishwa, hakuna adhabu, na mlango unabaki wazi. Ukipitisha hapo, kanuni za kampuni zinaanza kufanya kazi, na una njia mbili. Ya kwanza, toa taarifa ya miezi 6, uendelee na shirika hadi iishe, kisha urudi kwenye bei ya kawaida ya kampuni. Ya pili, rudi mara moja, lakini kwa miezi 6 utalipa bei inayofuata soko la muda mfupi. Vyovyote iwavyo, ukisharudi huruhusiwi kujiunga tena na shirika kwa mwaka mmoja.

Njia ya pili ndiyo inayoumiza watu. Kwa kawaida mtu huamua kujitoa siku alipopata bili kubwa, na bili kubwa huja bei za soko zikiwa juu, kama majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 gesi ilipopanda sana. Anatoka kwenye bei iliyotulizwa na mikataba, anaingia kwenye bei ya soko wakati mbaya kuliko wote. Ikiwa umeshapitisha siku 60 na bado unataka kuondoka, chagua taarifa ya miezi 6, na huku ukisubiri shuka daraja la chini.

Kujitoa kwenyewe hakuna ugumu. Chukua bili ya karibuni yenye namba ya akaunti, ingia kwenye tovuti ya shirika au piga simu, taja jina kama lilivyo kwenye bili na anwani. Omba namba ya uthibitisho uiandike. Ombi likifika chini ya siku tano za kazi kabla ya kusomwa mita, kwa kawaida linaruka hadi mzunguko unaofuata, kwa hiyo bili moja zaidi ya shirika si kosa. Kosa ni ikionekana bili ya pili.

Na neno la tahadhari. Uhamisho huu unatokea wenyewe. Mtu akikugongea mlango akitaka kuona bili yako ili "akuandikishe" kwenye mpango wa jiji, anauza kitu kingine, mara nyingi mkataba wa gesi. Namba ya akaunti yako ndiyo anayoitaka.

## Shirika likianguka, au jiji likibadili nia

Mashirika haya yanaendeshwa na bodi za madiwani, na kuna lililoanguka. Western Community Energy, lililohudumia miji kadhaa ya Kaunti ya Riverside, liliomba kulindwa na sheria ya kufilisika Mei 2021. Lilikuwa changa, halikuwa na akiba, na lilikutana na joto kali la Agosti 2020 lililopandisha bei za soko, na wateja wasioweza kulipa wakati wa janga la UVIKO-19. Hakuna taa iliyozimika. Wateja walirudishwa SCE. Lakini hadithi hiyo inaonyesha cha kuangalia kwenye taarifa ya fedha ya shirika: akiba inayotosha kuendesha shughuli kwa siku ngapi, na kama lina daraja la ukopaji kutoka kwa watathmini wanaojulikana. Shirika lenye akiba ya miezi kadhaa linaweza kuvumilia wiki mbili za joto. Lisilo nayo linapandisha bei katikati ya mwaka.

Siasa nazo hugeuka. Katika Kaunti ya Orange, Huntington Beach ilianza na asilimia 100 kama chaguo-msingi mwaka 2022, na mwaka uliofuata baraza lake likapiga kura ya kujitoa kabisa kwenye Orange County Power Authority. Mteja aliyekaa kimya anabebwa na kila kura ya namna hiyo, juu na chini. Aliyetamka chaguo lake mwenyewe, hata kama ni lile lile la jiji, kwa kawaida huachwa alipo jiji linapobadili daraja la msingi. Dakika tano za kupiga simu kusema "nataka kubaki hapa nilipo" hazipotei bure.

## Mwenye paneli juu ya paa asome hapa kabla ya kugusa kitu

Kwake hesabu ni nyingine. Kuhamia shirika hakumpotezei mpango wake wa zamani wa kubadilishana umeme na gridi. Tarehe aliyowashwa kwenye gridi inabaki ile ile. Kinachovunjika ni mwaka wake wa hesabu. Kampuni hufunga hesabu ya uzalishaji siku ya kuhamishwa, na salio la mikopo alilojilimbikizia kwenye jua la kiangazi halivuki kwenda kwa shirika. Likizidi matumizi ya kipindi hicho, hulipwa kwa bei ndogo ya ziada, senti chache kwa uniti, wakati angeitumia Desemba na Januari kwa bei kamili ya rejareja. Aliyehamishwa Septemba anaumia. Aliyehamishwa mara tu baada ya hesabu yake ya mwaka haumii. Mashirika mengi yanajua hili na huwahamisha wenye paneli kwa makundi kufuata mwezi wao wa hesabu, lakini yapo makosa. Angalia mwezi wako wa kufunga hesabu kwenye bili, na kama barua inataja mwezi mwingine wowote, piga simu uombe tarehe isogezwe.

Baada ya kuhama atakuwa na tarehe mbili za kufunga hesabu: ya kampuni kwa upande wa usambazaji, na ya shirika kwa uzalishaji, ambayo kwa mashirika mengi huangukia Machi au Aprili bila kujali mwezi wake wa zamani. Wanaosahau hili huona bili mbili za "mwaka" na kudhani wametozwa mara mbili.

Kuhusu daraja, mwenye paneli hulipa nyongeza kwa uniti anazochota zaidi ya anazorudisha, kwa hiyo asilimia 100 inamgharimu kidogo sana, pengine dola chache kwa mwaka. Aliyeomba kuunganishwa baada ya Aprili 14, 2023 yuko kwenye mpango mpya wenye malipo madogo kwa umeme anaorudisha. Kwake aulize jambo moja tu kabla ya kujitoa: je, shirika linaongeza senti yoyote juu ya malipo ya kampuni kwa uniti zinazorudi? Yapo yanayoongeza, na kwa nyumba yenye betri inayorudisha umeme jioni, nyongeza hiyo inaweza kuzidi nyongeza ya daraja la asilimia 100.

Mpangaji ambaye mita iko kwa jina la mwenye nyumba hana kura. Ni mwenye akaunti tu anayeweza kubadili. Na ukihama nyumba, akaunti mpya huanza kwenye chaguo-msingi la mji unaohamia. Usidhani chaguo lako la zamani limekufuata. Tazama bili ya kwanza, ukurasa wa uzalishaji, jina la daraja limeandikwa hapo.